Nafasi ya Mama Imebaki Wazi

*Kutoka Lwakhakha hadi Endebess, wako watu walioolewa, waliolima na waliozaa Kenya lakini hadi leo hawana karatasi ya kuonyesha ni raia wa wapi. Sheria imewafungulia mlango zaidi ya mara moja, na kila mara umefungwa kabla habari haijapanda mlimani.*

Na Mwandishi Wetu

Foleni nje ya afisi ya usajili wa watu mjini Bungoma hurefuka pindi matokeo ya KCSE yanapotoka. Vijana hufika alfajiri na bahasha za kaki: cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, barua ya chifu, nakala za vitambulisho vya wazazi. Bila kitambulisho hakuna mkopo wa HELB, hakuna laini ya simu kwa jina lako, hakuna M-Pesa, hakuna kura.

Wengi huhudumiwa wakaenda zao. Anayerudishwa mara nyingi ni yule ambaye, kwenye fomu yake, nafasi ya namba ya mama imebaki wazi. Si kwamba mama amefariki. Yuko nyumbani kule Sirisia, anapalilia maharagwe. Alizaliwa ng'ambo ya mto Lwakhakha, upande wa Uganda, akaposwa na kijana wa Kibukusu. Ng'ombe wa mahari wakavuka kwenda kwao, naye akavuka kuja huku. Amezaa, amesomesha, amemzika mume. Kitambulisho cha Kenya hajawahi kukishika.

Karani humwambia binti amlete mama, au alete karatasi za mama, au arudi kwa chifu. Chifu humrudisha kwa wazee wa kijiji waupige msasa ukoo wake. Miezi hupita na nafasi ya chuo nayo hupita.

Hapo ndipo pa kukasirisha. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu ni raia kwa kuzaliwa iwapo, siku aliyozaliwa, baba au mama yake alikuwa raia wa Kenya. Mzazi mmoja anatosha, na hata akizaliwa nje ya nchi haidhuru. Binti huyu ni Mkenya tangu alipokatwa kitovu. Anayehitaji kuomba uraia ni mama, na mama hayuko kwenye foleni.

Mto uliogeuzwa mpaka

Lwakhakha si mto wa kutisha. Kiangazi kikikaza, watu huuvuka wakiwa wameshika viatu mkononi. Ng'ambo yake ni wilaya ya Namisindwa, na huko lugha inayosemwa sokoni ni Lumasaba, ambayo Mbukusu huielewa bila mkalimani.

Mwaka 1901 kingo zote mbili za mto huu zilikuwa chini ya Uganda. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulienea hadi Naivasha. Tarehe 1 Aprili 1902, Waingereza waliuondoa mkoa huo Uganda na kuutia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, ile iliyokuja kuitwa Kenya. Walitaka reli yote, kutoka Mombasa hadi ziwani, iwe chini ya utawala mmoja. Mwaka 1926 wakahamisha pia eneo la Rudolf kule Turkana, na mpaka ukachukua sura tunayoijua: unafuata mto Malaba na Lwakhakha, unapanda hadi kilele cha Sudek mlimani Elgon, kisha unateremka na mto Suam.

Katika shughuli zote hizo hakuna mtu wa kawaida aliyehama wala aliyeulizwa. Wabukusu na Wamasaba waliendelea kutahiri vijana wao katika miaka ile ile inayogawanyika kwa mbili, ngoma zikianza Agosti. Wasabaot wa Kapsokwony waliendelea kuoa kwa Wasebei wa Kapchorwa. Wateso walibaki pande zote mbili, na hadi leo wanahesabiwa miongoni mwa makabila ya Kenya na ya Uganda pia.

Idi Amin aliikumbuka ramani ya 1902 alipodai, Februari 1976, kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa mali ya Uganda. Mzee Kenyatta alikataa katakata na Wakenya wakaandamana. Amin alilegeza madai yake, lakini kwa watu wa mpakani yaliacha sumu. Mtu mwenye jina la ng'ambo alianza kutazamwa kama aliyetumwa.

Ajabu ni kwamba mwaka huo huo bei ya kahawa duniani ilipaa, na kule Chepkube, mlimani Elgon, magunia ya kahawa ya Uganda yalimiminika usiku na mchana kuja kuuzwa Kenya. Punda walivuka, malori yakavuka, na watu wazito wakajenga majumba kwa magendo hayo. Kahawa ilipokelewa bila kuulizwa kabila.

Waliopewa jembe siku ya kwanza

Kitale ni hadithi nyingine, ingawa mwisho wake ni ule ule. Mji ulikua baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, pale serikali ya kikoloni ilipowagawia wanajeshi wa Kizungu mashamba ya Trans Nzoia, ardhi ambayo Wasabaot walikuwa wakichungia mifugo. Reli ya tawi ilifika mwaka 1926. Mahindi yakapandwa hekta kwa hekta, na mahindi yanataka mikono.

Mikono ilitoka kila upande: Wabukusu kutoka kusini, Waturkana kutoka kaskazini, Wasabaot waliogeuzwa maskwota katika nchi yao, na watu kutoka miteremko ya Elgon upande wa Uganda. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika mashamba ya Trans Nzoia jembe lilitolewa siku ile ile ya kwanza. Hakuna aliyeombwa cheti zaidi ya kipande, kitambulisho cha kikoloni, nacho kilimfuata mwanamume peke yake. Wanawake wa Kenya walianza kuandikishwa baada ya sheria kurekebishwa mwaka 1978.

Kwa hiyo mama aliyezaliwa katika kambi ya vibarua karibu na Endebess mwaka 1945 hakuwa na karatasi ya serikali yenye jina lake hadi alipokuwa na zaidi ya miaka 30. Kuandikisha uzazi kwenyewe hakukufanywa lazima nchi nzima hadi mwaka 1971. Akiambiwa leo athibitishe kwamba alikuwa Kenya kabla ya uhuru, atatoa nini? Pengine kadi ya ubatizo, kama wazazi walikuwa Wakatoliki na padri alitunza daftari lake.

Tarehe ya kwanza ya mwisho: 1965

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, katiba ilitoa uraia papo hapo kwa aliyezaliwa Kenya, mradi mzazi wake mmoja awe amezaliwa Kenya pia. Sharti hilo la pili ndilo lenye mwiba. Mtoto aliyezaliwa Kitale, wazazi wote wawili wakiwa wamezaliwa Mbale, hakuwa raia kwa sharti hilo hata kama hajawahi kuona Mbale.

Watu wa namna hiyo walipewa miaka miwili, hadi 12 Desemba 1965, kuomba kusajiliwa.

Wahindi wenye maduka katika barabara kuu za Kitale na Bungoma waliijua vizuri tarehe hiyo. Walikuwa na mawakili, magazeti na redio, na hata hivyo wengi wao nchini walisita, wakashikilia pasipoti za Uingereza. Sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilipokaza mwaka 1967, maelfu walifunga mizigo, na Uingereza ikawafungia mlango wake Machi 1968. Walowezi nao walichagua: baadhi waliapa kuwa raia na kubaki kulima, wengi waliuza mashamba na kuondoka.

Kibarua wa Trans Nzoia hakusita, kwa sababu hakuwa na habari. Kwake uhuru ulimaanisha mzungu anaondoka na huenda akapata ekari chache. Nani alipanda trekta kwenda kumweleza kwamba mtoto wake ana miezi 24 ya kujaza fomu Nairobi?

> Wahindi waliijua tarehe wakasita. Kibarua hakusita, hakuambiwa.

Mlango wa 2011, na kufuli yake

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 30 Agosti 2011, ilijaribu kutibu kidonda hicho. Kifungu cha 15 kiliwahusu wasio na nchi yoyote ambao wameishi Kenya mfululizo tangu uhuru. Cha 16 kiliwahusu waliohamia Kenya kwa hiari yao kabla ya 12 Desemba 1963. Cha 17 kiliwahusu watoto wao.

Ukikisoma kifungu cha 16 utadhani kiliandikiwa Endebess. Kinasema mhamiaji wa aina hiyo atahesabiwa kuwa aliishi nchini kihalali, hata kama hakuwa na kibali. Masharti yake ni ya ubinadamu: usiwe na pasipoti wala kitambulisho cha nchi nyingine, ujue Kiswahili au lugha ya hapa nchini, usiwe umefungwa kwa kosa kubwa. Sharti la lugha lingewachekesha wazee wa Lwakhakha. Mmasaba wa Namisindwa angelipita kwa kuwaamkia tu jirani zake wa Sirisia, ilhali wako Wakenya wa Nairobi ambao kwa Kiswahili wangetokwa jasho.

Lakini vifungu hivyo vilikuja na saa. Maombi yalitakiwa ndani ya miaka mitano, na waziri angeweza kuongeza mitatu tu. Miaka mitano iliisha Agosti 2016. Mitatu ya nyongeza iliisha Agosti 2019. Tangu hapo, anayebisha hodi kwa vifungu hivyo anabisha ukutani.

Na ndani ya muda huo kulitokea jambo ambalo halijazungumzwa vya kutosha. Mwaka 2014 Uganda ilianza kuandikisha raia wake kwa wingi ili kuwapa vitambulisho. Mzee aliyekuwa akiishi Trans Nzoia bila karatasi, akisikia kwamba kwao Bududa watu wanapewa kadi bure, angevuka kuichukua kwa hesabu ya kawaida kabisa: heri kadi moja kuliko hakuna. Siku alipoipokea, alijifungia kifungu cha 16.

Kati ya sheria mbili

Huu ndio moyo wa suala lenyewe, na nauomba uvumilivu wa msomaji kwa sababu unahitaji kusoma katiba mbili kwa wakati mmoja.

Katiba ya Uganda ya 1995 inampa uraia wa kuzaliwa mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mzazi, babu au bibi yake ni wa jamii zilizokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Orodha ya jamii hizo imeambatanishwa, na Wagisu, Wasebei na Wateso wamo. Kwa jicho la Nairobi, basi, mama wa Sirisia ana nchi. Si mtu asiye na taifa. Kifungu cha 15 cha sheria ya 2011 hakimhusu.

Njia ya kawaida ya kusajiliwa, ile ya ukaazi, inataka miaka saba ya kuishi Kenya kihalali. Hapo maafisa wa uhamiaji wanataka kuona kibali. Mtu aliyevuka daraja kwa miguu mwaka 1982 akiwa na kikapu na mtoto mgongoni hakuwa na kibali, na hakuna mtu mpakani aliyemwambia anakihitaji. Ana miaka 40 ya kuishi Kenya, lakini hana hata mmoja wa kuhesabiwa.

Kwa hiyo ameanguka katikati. Ana nchi mno asiweze kuhurumiwa kama asiye na nchi, na ana karatasi chache mno asiweze kuombewa kama mgeni halali.

> Ana miaka 40 ya kuishi Kenya, lakini hana hata mmoja wa kuhesabiwa.

Serikali nayo ina hoja

Ni rahisi kuwafanya maafisa wa usajili waonekane watu wa roho mbaya. Hoja yao si ya kubeza.

Mpaka wa Bungoma na Trans Nzoia umepitisha mengi zaidi ya kahawa. Wakati wa ghasia za wanamgambo wa SLDF mlimani Elgon, kati ya 2006 na 2008, wakazi walitoroka makwao kwa maelfu na baadhi wakakimbilia Uganda. Waliporudi, nani angetofautisha Msabaot aliyekimbia Cheptais na jamaa yake wa Kapchorwa anayefuata shamba? Ghasia zenyewe zilichochewa na swali la nani ana haki ya ardhi ya mradi wa Chebyuk. Afisa anayegonga muhuri hapo anajua kwamba kitambulisho kimoja kinaweza kuwa tiketi ya shamba.

Kura ni jambo la pili. Uchaguzi haupiti magharibi mwa Kenya bila tuhuma kwamba wapiga kura wamevushwa kutoka Uganda. Tuhuma nyingi hazithibitishwi, ila hutosha kumfanya chifu aogope kuandika barua.

La tatu ni ulaghai. Kitambulisho cha Kenya kina thamani, na penye thamani pana dalali. Serikali ikilegeza masharti, wa kwanza kuingia huenda asiwe yule mjane wa Sirisia.

Nazikubali hoja hizo tatu, na bado naona zimelenga mtu asiye sahihi. Mlaghai hana shida na msasa, kwa sababu anakuja na karatasi zote. Anayekwama ni mkweli.

Mlango wa nyuma

Siri ya vijiji vya mpakani ni kwamba wengi walikwisha kujitatulia. Mvulana aliyevuka akiwa na miaka kumi hukua kwa mjomba. Ikifika siku ya kitambulisho, mjomba huwa baba. Wazee wa kijiji wanajua, nao hutikisa vichwa kukubali, maana kwa desturi mtoto wa dada ni mtoto.

Kisheria, hilo ni kosa, na uraia uliopatikana kwa kudanganya unaweza kufutwa. Mtu huyo anaweza kuwa mwalimu au polisi, akaishi miaka 50 akiwa na jina la mjomba kwenye hati ya shamba, na watoto wake wakarithi tatizo bila kujua wamerithi nini. Siku ndugu wakigombania mirathi katika mahakama ya Kitale, mmoja wao atasimama na kuitoa siri hiyo hadharani.

Ardhi ndiyo hufanya uraia wa Trans Nzoia kuwa suala la mkate na si la bendera. Kifungu cha 65 cha Katiba hakimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa kukodisha kwa muda usiozidi miaka 99. Sheria ya udhibiti wa ardhi ya kilimo inaitaka bodi imnyime idhini asiye raia. Robo ekari iliyonunuliwa eneo la Kwanza kwa makubaliano ya mkono, mashahidi wanne wakitia dole gumba, haina hati wala haiwezi kupata hati, ikiwa mnunuzi hana kitambulisho.

Wamakonde, Washona, Wapemba

Kenya imewahi kufungua mlango kwa kishindo. Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale, ambao babu zao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walitembea hadi Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Alitoa amri, na mapema mwaka uliofuata zaidi ya elfu moja walipewa vitambulisho. Siku ya Jamhuri ya 2020 ikawa zamu ya Washona, waliokuja kutoka Zimbabwe na kanisa lao miaka ya sitini, zaidi ya 1,600, pamoja na baadhi ya watu wenye asili ya Rwanda. Mwaka 2023 Rais William Ruto akawapokea Wapemba wa pwani.

Nilifurahi kama Wakenya wengine. Lakini tazama walichohitaji: jina la jamii ambalo halikuwa kwenye orodha ya Kenya. Walisimama kama kundi, wakatangazwa kama kundi, wakapigwa picha kama kundi.

Mjane wa Lwakhakha hana kundi la kutangazwa. Jamii yake haijakosekana kwenye orodha. Wabukusu, Wasabaot na Wateso ni Wakenya tangu Kenya iwepo. Aliyekosekana ni yeye mmoja mmoja, kijiji hadi kijiji, na hakuna rais anayeruka kwa helikopta kuja kumpa cheti mtu mmoja.

Njia ambayo bado iko wazi

Kuna njia moja isiyo na tarehe ya mwisho, na inashangaza jinsi inavyotajwa kwa nadra katika mabaraza ya machifu. Kifungu cha 15 cha Katiba kinasema aliyeolewa na raia, au aliyemwoa raia, kwa miaka isiyopungua saba ana haki ya kusajiliwa akiomba. Ana haki, si kwamba anaweza kufikiriwa. Sheria ya 2011 imewakumbuka hata wajane.

Zamani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Katiba ya awali ilimpa haki hiyo mwanamke aliyeolewa na Mkenya, ikamnyima mwanamume aliyemwoa Mkenya. Msichana wa Kimilili akiolewa Mbale, mumewe hangepata chochote, na mtoto aliyezaliwa huko alifuata baba. Mabadiliko ya 2010 yaliifuta aibu hiyo, tena kwa kurudi nyuma: hata mtoto aliyezaliwa kabla ya Katiba mpya anaweza kudai uraia kupitia mama Mkenya. Wapo watu wazima Uganda ambao ni Wakenya kwa kuzaliwa na hawana habari.

Kizingiti cha ndoa ni ushahidi. Ng'ombe hawana risiti. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa ya kimila na kutaka isajiliwe, na tangu Agosti 2017 kanuni za kuisajili zipo. Mume akiwa hai, wawili wanaweza kwenda kwa msajili na barua ya chifu na mashahidi wa mahari, wapate cheti. Mume akishafariki, mambo hugeuka magumu, hasa shemeji wakiwa na macho kwenye shamba. Ushauri wa bure kwa wanandoa wa mpakani: msingoje matanga.

Cheti cha ndoa kikishapatikana, maombi huanzia mtandaoni, kwa eCitizen, kisha yanaelekea Nairobi. Mama ambaye hajawahi kumiliki laini ya simu atajazaje fomu hiyo? Hapo ndipo vituo vya Huduma vya Bungoma na Kitale vingeweza kuwa na dawati moja la uraia, hata siku moja kwa mwezi.

Wanaoapa ng'ambo ya bahari

Wakati huo huo, kaunti hizi zinapeleka watoto wao kuwa raia wa kwingine. Wauguzi na madereva wa malori kutoka Webuye na Kitale wako Marekani, na njia yao inajulikana hatua kwa hatua: miaka mitano ya ukaazi wa kudumu, au mitatu ukiwa umeolewa na raia, mahojiano ya Kiingereza na historia ya nchi, kiapo. Kila hatua ina namba ambayo mtu anaweza kuifuatilia kwa simu.

Kabla ya 2010, Mkenya mtu mzima aliyeapa huko alipoteza uraia wa hapa. Sasa aliye raia kwa kuzaliwa haupotezi, na aliyekuwa ameupoteza anaweza kuudai tena. Mipaka iliyobaki ni michache: mwenye uraia wa nchi mbili hawezi kuwa afisa wa serikali, isipokuwa jaji na wachache wengine.

Basi si ajabu boma moja la Chwele likawa na mwana Texas mwenye pasipoti mbili, na mama yake jikoni hana hata moja.

Msasa umefutwa, swali limebaki

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitangaza kufutwa kwa msasa wa ziada uliokuwa ukiwakabili waombaji vitambulisho katika maeneo ya mpakani. Wakosoaji walisema ni mlango wa kuingiza wapiga kura wageni kabla ya 2027. Waliopigania haki hizo kaskazini walishangilia, na walikuwa na sababu. Miongo mingi ya kudhalilishwa si mchezo.

Kwa vijana wa Bungoma waliozaliwa na baba Mkenya, hatua hiyo inaweza kupunguza safari za kwa chifu. Kwa mama zao haibadilishi kitu. Msasa ulikuwa wa raia wanaotafuta kitambulisho. Wao hawajawa raia bado.

Kinachowahusu ni vifungu vya 15, 16 na 17 vya sheria ya 2011, na tatizo lake ni tarehe. Kuondoa ukomo huo, au kuuongeza tena, ni kazi ya Bunge. Wapo wanaotaka zaidi: kwamba waliokaa miaka saba mpakani bila kosa wahesabiwe kuwa waliishi kihalali, kama kifungu cha 16 kilivyowahesabu wale wa kabla ya uhuru. Hilo litazua ubishi, na ubishi huo ni halali. Lile la tarehe halina ubishi mkubwa. Mswada wake haungezidi ukurasa mmoja, na mbunge yeyote anaweza kuuleta. Watatu kati yao, wa Sirisia, Mlima Elgon na Endebess, walichaguliwa na wapiga kura ambao mama zao hawaruhusiwi kupiga kura.